Akaunti ya Mwanzia

"Funga duka."

Sauti ya Njuguna ilitoka redioni kavu, bila salamu.

Nzula alikuwa nyuma ya usukani. Mbele yake lori la vitunguu, Isuzu la bluu lililotoka Namanga, lilikuwa likikaribia Kajiado mjini. Jua la saa sita lilikuwa limepausha lami. Alipunguza mwendo, akaacha bodaboda moja iingie kati ya lori na Probox yake.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mkubwa. Ni saa hii?"

"Saa hii. Akipiga simu Kajiado, bosi tumemkosa."

Chini ya vitunguu kulikuwa na msandali, mti unaokatwa kwa siri vilimani na kuuzwa ng'ambo kwa bei ya kutisha. Walinzi wa misitu walikuwa wameuawa kwa ajili ya mti huo.

Kisha akauawa Mwanzia.

Nzula na Mwanzia walikuwa majasusi wa kitengo kimoja. Mwanzia alijipenyeza kwenye genge kama kijana wa kuwaendeshea ukurasa wa Instagram. Walitaka akaunti yenye wafuasi, akawapa yake ya zamani, akaigeuza kuwa ya biashara. Ikaitwa Makao Mema. Mtu wa kawaida aliona duka la sofa. Madereva waliona kitu kimoja tu: kitufe cha kupiga simu, kile ambacho akaunti ya biashara huwekewa juu ya picha. Namba ya kitufe ilibadilishwa kila safari. Dereva alikibonyeza akifika Kajiado, mtu akapokea, akamwambia mahali pa kushusha.

Hakuna dereva aliyemjua bosi. Bosi ndiye pekee aliyekuwa na namba zao, na hakuwahi kuwapigia. Kitufe kikizimwa, angelazimika kupiga mwenyewe.

Mwanzia aliokotwa kwenye timbo la mawe lililoachwa nje ya Kitengela. Familia iliambiwa aliuawa na wezi. Simu yake moja ilipatikana ndani ya mkebe wa unga chumbani kwake, ikapewa Nzula.

Simu ya pili haikuonekana.

Na akaunti haikufa. Mara kwa mara Nzula aliiweka simu mezani, akaenda kumimina chai, na aliporudi alikuta picha mpya ya sofa chini ya jina la marehemu. Alijua ni kidole cha muuaji. Hata hivyo nywele zilimsimama kila mara. Kisha kulikuwa na zile video. Sauti ya Mwanzia, changamfu, ikikaribisha wateja. Nzula alizisikiliza kila asubuhi akipiga mswaki. Hakumwambia mtu.

Lori liliegeshwa karibu na kituo cha mafuta. Nzula akasimama ng'ambo ya barabara, akaitoa simu ya Mwanzia, ile Tecno iliyopasuka kioo.

Ukurasa ukafunguka kwenye video.

"Karibuni Makao Mema," Mwanzia alisema. "Keti, pumzika, uko nyumbani."

"Nisamehe," Nzula akanong'ona.

Aliiondoa simu ya pili kwenye akaunti. Akabadilisha nywila. Akaingia kwenye mipangilio, kwenye aina ya akaunti, akachagua ya kibinafsi. Programu ikamuuliza kama ana hakika, kwa sababu mawasiliano ya biashara hayangeonekana tena.

Akabonyeza.

Kitufe kikapotea. Namba, ramani, neno fanicha, vyote vikatoweka.

Ng'ambo ya barabara dereva aliteremka. Aliitazama simu yake, akaipangusa kwa shati, akaitazama tena. Mwishowe akaketi kwenye ngazi ya lori kama mtu aliyesahauliwa.

Nzula alingoja. Kiti cha pembeni, alichozoea kukalia Mwanzia, kilikuwa kitupu, lakini hakutaka kukitazama.

Kisha kwenye sakafu ya gari kisanduku cheusi cha kunasia simu kikawaka taa ya kijani. Dereva alikuwa amepigiwa.

"Mkubwa, bosi amejitokeza."

"Ninaye." Njuguna akaisoma ramani. "Simu iko Kitengela. Kwa ploti ya Hiram."

Nzula akawasha gari.

Hiram alikuwa mwenye nyumba aliyempangisha Mwanzia. Mazishini alimwaga udongo kaburini, akamshika mkono Munyiva, dada ya marehemu, akamwambia kijana alikuwa mpole sana. Nzula alikuwa amesimama nyuma yake na kitambaa kichwani.

Lori likaondoka. Nzula akalifuata mpaka Isinya, wakaupita mji, kisha nyumba za plastiki za kukuzia maua. Alipunguza sauti ya redio, lakini ile sauti changamfu iliendelea kichwani. Uko nyumbani. Uko nyumbani.

Kitengela, lori lilikata kona likaingia njia ya vumbi, mpaka kwenye geti la mabati.

Hiram alilifungua mwenyewe.

"Sasa," Nzula alisema redioni.

Land Cruiser za polisi zilitokea pande zote. Mlinzi mmoja akainua AK kutoka nyuma ya matangi ya maji. Glock ya Nzula ililia mara moja. Bunduki ikaanguka, mlinzi akapiga magoti ameshika bega.

Nzula akamgeukia Hiram.

"Mikono juu ya boneti, Mzee."

Hiram aliweka mikono kwenye Prado yake, taratibu, kama mtu aombaye. Kwenye dashibodi kulikuwa na simu. Nzula aliijua kwa kava yake. Kwenye kioo akaunti ilikuwa ikidai nywila, na Hiram alikuwa ameandika za kukisia mpaka akafungiwa.

"Wewe nilikuona mazishini," mzee alisema.

"Tulionana."

"Huyo kijana sikutaka afe. Aliuliza maswali mingi."

Nzula alimfunga pingu.

Polisi walipasua magunia. Harufu tamu ya msandali ikajaa uani.

"Kazi safi," Njuguna alisema kwenye kisikilizi sikioni. "Hiyo simu ya Mwanzia ivunje, familia isijue alikuwa wetu. Ni amri."

Nzula aliitoa mfukoni. Ilitetemeka mkononi mwake.

Ujumbe. Ulitoka kwa Munyiva.

*Mwanzia? Naona uko online. Kama ni wewe, niambie tu.*

Nzula aliusoma, akausoma tena. Kisha akakitoa kisikilizi sikioni, akakiweka juu ya boneti ya Prado huku Njuguna akiendelea kutoa amri, na akampigia Munyiva.

Ililia mara moja tu.

"Mwanzia?"

"Hapana, dada. Naitwa Nzula. Nilifanya kazi na ndugu yako."

Upande wa pili mlango ulifungwa.

"Kazi gani?"

"Si ya sofa. Na hawakuwa wezi. Uko nyumbani?"

"Niko."

"Usitoke. Niko na mengi ya kukuambia."

Akapita katikati ya polisi, akavuka geti bila kugeuka, akawasha Probox.