Baba Mwenye Tai

Kila siku saa sita, alipotoka shuleni, Damari alimpelekea baba yake ugali wa mtama na mlenda. Baba yake, Isaka, alikuwa kibarua wa reli hapo Manyoni. Yeye na wenzake walibadilisha mataruma, yale mapande mazito ya chuma yanayoshikilia reli, kisha wakashindilia kokoto.

Wiki hiyo Mwalimu Yeremia aliwagawia wanafunzi penseli na karatasi. "Mchoreni mzazi wenu akiwa kazini," alisema. "Ijumaa wazazi watakuja kuitazama michoro yenu ukutani."

Damari alijua kuchora kuliko wote darasani. Lakini baba wa rafiki yake Kristina alikuwa karani wa stesheni, na Damari hakutaka baba yake mwenyewe aonekane duni. Akamchora amevaa koti na tai, ameketi mezani, kalamu mkononi.

Alhamisi alikwenda na mchoro ule relini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione." Isaka alijifuta mikono, akaishika karatasi kwa ncha za vidole. "Umechora vizuri! Huyu ni baba yake Kristina?"

Damari aliinamisha uso. "Ni wewe, baba."

Isaka alimrudishia karatasi. "Basi sikujitambua," alisema taratibu, akaanza kula.

Maneno hayo yalimchoma Damari. Vibarua waliporudi kazini, aligeuza karatasi, akaketi kando ya tuta. Alimtazama baba yake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza: mgongo ulioinama, mishipa iliyotutumka mikononi, kiraka cha kaptula, kidole gumba kilichowahi kupondwa na chuma. Akavichora vyote, bila kuongeza wala kupunguza.

Ijumaa vibarua walifika shuleni na vumbi lao. Mmoja wao, Gasto, alipaza sauti mbele ya ukuta. "Jamani, Isaka huyu! Hata kidole chake kipo!"

Wote wakasogea wakicheka. Isaka alisimama pale muda mrefu, machozi yakimlengalenga.

Damari alimweleza mwalimu yaliyokuwa upande wa pili wa karatasi. Mwalimu Yeremia akamshika bega.

"Mkono wako ni mzuri, Damari, lakini jana ndipo ulipoutumia kusema kweli. Bila watu hawa treni isingefika Manyoni. Kazi ya halali haifichwi, na anayeifanya hahitaji kuvikwa tai ili aheshimiwe."