Kengele ya Nyuma

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi baiskeli, mtu asiyejua kutia chumvi.

Aliingia msituni na shemeji yake na mwalimu mmoja, kuendesha baiskeli kwenye vile vijia vya mawe na mizizi. Walikuwa na utaratibu wao: wa mwisho anapiga kengele mara mbili kila kona, na wa mbele anajibu mara moja, ili asiachwe mtu. Fundi alitangulia. Shemeji akakaa nyuma.

Miti ilisongamana mpaka mchana ukawa kiza. Fundi hakuona kitu nyuma yake, lakini kila kona alisikia: kriii, kriii. Naye akajibu, saa nzima. Kuelekea mwisho kengele ililia karibu na kisogo chake, na bado hakusikia tairi likiponda majani.

Alipotokea barabarani aliwakuta wenzake wote wawili wamekaa kwenye jiwe, wanakunywa soda na kucheka.

"Tulikukacha njia panda ya kwanza, tukashika njia ya mkato," mwalimu akasema. "Ulikuwa unampigia nani kengele huko?"

"Shemeji, hata wewe? Si nilikuwa nasikia kengele yako?"

Shemeji akaacha kucheka. Akaitoa kengele mfukoni. Alikuwa ameifungua kwenye baiskeli kule njia panda, isije ikalia wakati wanatoroka.

Fundi akamkazia macho. Mtu ambaye yeye mwenyewe alimkabidhi dada yake amwoe!

Ndipo kule msituni, kwenye kona ya mwisho, kengele ikalia mara mbili, ikangoja jibu.