Mshale na Nane Iliyolala

Mastura alikuwa akifua nguo uani kwake, mtaa wa Mirongo. Ilikuwa mwaka wa 1958, na mimba yake ilikuwa na miezi minane. Mumewe, Seif, alikuwa karani. Kila jioni alisoma hesabu kwa njia ya posta, peke yake, kimya. Mkewe hakuuliza.

Ndani ya koti la Seif, Mastura akakuta karatasi. Ilikuwa na mshale ulioelekea kwenye sifuri. Mwishoni palikuwa na nane, imelazwa chali.

Jamani, nani asiyewajua waandika hirizi na michoro yao ya tarakimu? Mimba ya miezi minane, nane imeangushwa, mshale unaelekea pasipo kitu. Basi mtoto anatakiwa afe. Na karatasi iko mfukoni mwa baba yake mwenyewe!

Hakungoja. Alikwenda mbio kwa mganga, akarudi na chupa ya dawa ya kuvunja uchawi. Mlangoni akakutana na jirani yao Okumu, mwalimu wa hesabu, akamwonyesha ile karatasi na kumweleza yote huku analia.

Okumu hakucheka. Kwanza alimsihi asinywe dawa asiyoijua, maana ingeweza kumdhuru yeye na mtoto. Kisha akaomba bakuli la unga.

"Shemeji, ukiuchota kwa kikombe, utachota mara ngapi?"

"Mara nne."

"Kwa kijiko?"

"Mara nyingi."

"Na kijiko kikizidi kuwa kidogo?"

"Nitazidi kuchota. Sitamaliza leo."

"Sawasawa. Mshale unasema kijiko kinakaribia sifuri, ila hakifiki. Kikifika, huna cha kuchotea. Na hii si nane, wala si namba yoyote. Inasema mara za kuchota zinaongezeka bila kikomo."

"Kwa hiyo hakuna anayekufa?"

"Hakuna, shemeji."

Mastura akaimwaga dawa mtaroni. Seif aliporudi, alimwambia wazi, "Leo nimekuogopa. Nilidhani unataka kumwua mwanangu."

Seif alikaa chini. Miaka mitatu ya masomo hakuwahi kumweleza anachoandika. Akaomba radhi, na tangu siku hiyo walikaa pamoja mezani, akimsomea kila alama.

Mwezi uliofuata Mastura alijifungua hospitalini mtoto wa kike, mzima. Mkunga akamwuliza kama alikunywa dawa yoyote ya kienyeji.

"Nusura ninywe," alisema Mastura, akamkumbatia mwanawe.