Mkono wa Gloire Umegoma Kunyooka

"Maman Gloire, ku nyumba munanyooshaka huu mukono?"

"Kila siku. Papa yake ndiye anafanyaka."

Larissa, kiné anayemfanyisha mwanangu mazoezi hospitalini, akajaribu tena. Kiwiko kikagoma.

"Apana, maman. Hamukuunyoosha."

Jamani... nikajaribu kuunyoosha mwenyewe, wapi.

Gloire ana miaka saba. Mafuta ya moto ya kukaangia mikate yalimuunguza mkono wote. Tulipotoka hospitalini tuliambiwa mambo mawili: ale vizuri, kwa sababu kidonda kinakula mwili, na mkono unyooshwe asubuhi na jioni, kwa sababu ngozi mpya inajikunja.

Tukagawana na mume wangu, Lucien. Mimi chakula, yeye mazoezi, maana natoka kwetu Kasha alfajiri kwenda ofisini. Mayai, vidagaa vya sambaza, maharage, nilimbembeleza hadi mashavu yakarudi. Kila jioni nauliza, Lucien anajibu, "Tulishafanya." Na mimi huyo, nalala usingizi mnono.

Siku hiyo nilifika nyumbani nimefura.

"Lucien, ulikuwa unanidanganya?"

Akainamisha kichwa. "Mutoto alikuwa analia sana. Sikuweza."

"Ungeniambia!"

"Niliona haya."

Nikamporomoshea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikamwambia yeye si baba. Nikamwambia afunge vitu vyake arudi kwao Nyangezi.

Gloire akatokea mlangoni.

"Maman, usigombeze papa. Ni mimi nilimuambia tuache."

"Juu ya nini, mwanangu?"

"Nikiliaka, na yeye analia. Anaendaka kujificha ku jikoni. Sikutaka papa alie."

Wapendwa, nilikaa chini. Mtoto ameungua yeye, halafu ndiye anayemhurumia baba yake... na mimi niliyekuwa nahesabu mashavu sikuona chochote. Moyo uliniuma, na hadi leo unauma.

Daktari amesema mazoezi peke yake hayatoshi tena. Lazima wapasue ngozi iliyojikunja, kisha tuanze upya, chakula na mazoezi.

Wazazi wenzangu, mtoto aliyeungua mlishe, lakini mnyooshe pia, hata akilia. Ukishindwa, sema umeshindwa, mwenzako ashike. Huruma yetu ndiyo iliyomkunja Gloire.

Anapasuliwa Jumatatu. Lucien ameomba amshike mkono ule mwingine mpaka dawa ya usingizi imlaze. Gloire amekubali, ila amemwambia asilie.