Bibi na Masufuria Chini ya Mlima

Je, umewahi kwenda kutembea, ukaishia kulinda masufuria? Bibi mmoja yalimkuta hayo, tena mara mbili.

Bibi huyu aliishi na mwanawe, muoka mikate, pamoja na mkwewe na mjukuu wa kike. Dirisha la chumba cha tanuri lilitazama mlima mdogo. Njia yake si kali, hata watoto wa shule huipanda. Bibi alikanda unga, macho yako kileleni. Alitamani sana kufika kule juu, ila hakumwambia mtu.

Mwanawe alikuwa na jambo lake. Akienda matembezini, ni kama anahama. Atabeba mkeka, jiko la mkaa, sufuria la wali na la mchuzi. Tena haondoki mpaka mikate iishe dukani, jua limeshafika utosini.

Siku moja wakaenda mlimani, na walipofika chini yake, mizigo haikupandishika.

"Mama, magoti yako na milima wapi na wapi," mwanawe alisema. "Baki na vyombo. Tunarudi sasa hivi."

"Haya baba, nendeni," Bibi akajibu.

Hawakufika hata nusu ya njia. Mjukuu alirudi kichwa kinamgonga, kandambili moja mkononi, imekatika. Mara ya pili ikawa vilevile.

Walipokuwa wakifunga mizigo kwa safari ya tatu, jirani akaja kununua mkate. Kazi yake ni kuongoza wageni mlimani. Watu humwita Mama Buti, kwa sababu ya viatu vyake.

"Jamani, mnahama bila kuniaga?"

"Tunakwenda mlimani kesho," mkwe akasema.

"Na jiko? Mlima una baridi kiasi hicho?" Mama Buti akacheka, akaketi juu ya gunia la unga. "Sikilizeni. Bebeni kinachokaa mgongoni. Kila mtu na maji yake, mkate, kofia na sweta, maana juu kuna upepo. Vaeni viatu vya kufunga, visivyoteleza. Ondokeni asubuhi na mapema. Mkisikia radi, shukeni. Na takataka zenu mrudi nazo."

"Asubuhi? Na mikate je?" muoka mikate akauliza.

"Jumapili moja sisi wateja wako tutakula viporo. Hatufi."

"Mwendo je?" mjukuu akauliza.

"Anayekwenda polepole anatangulia, wengine mnamfuata. Mkiweza kupiga soga huku mnapanda, mwendo ni mzuri. Mkihema tu, pumzikeni."

Muoka mikate akakuna kichwa. "Sasa nani atabaki na vyombo?"

"Vyombo gani?"

Akatazama jiko, akatazama sufuria, kisha akamgeukia mama yake. "Lakini magoti ya mama..."

"Umemuuliza mwenyewe?"

Bibi alijifuta unga mikononi. "Nipeni fimbo," alisema. "Magoti yakikataa, tutageuza."

Asubuhi Bibi alitangulia, fimbo mkononi. Alipanda polepole huku akisimulia vituko vya mwanawe utotoni. Mjukuu alicheka njia nzima.

"Mama, ongeza mwendo kidogo," mwanawe akasema.

"Mwenye haraka apite kwenye miiba."

Walipumzika kivulini, wakanywa maji, wakaendelea. Kabla jua halijawa kali, njia ikaisha. Mabati ya mji yalimetameta chini yao, na mto ulijipinda katikati ya mashamba kama utepe. Mjukuu alirukaruka. Upepo ulivuta kanga ya Bibi, naye akaiachia ipepee.

"Kumbe unaweza, mama," mwanawe akasema. "Mbona siku zile ulikubali kubaki?"

Bibi alimeza mkate wake kwanza.

"Nilikuwa nataka kuja, mwanangu," akasema. "Tangu siku ile ya kwanza, nilikuwa nataka kuja, ila hukuniuliza."