Nguzo ya Tatu Mezani

Maiti ililala kifudifudi kando ya meza ya maabara ya chuo, kisogo kimebonyea, damu imeganda kwenye vigae.

Inspekta alichuchumaa, akatazama, akainuka magoti yakimlalamikia.

"Nani huyu?"

"Mwanafunzi wa uzamivu, afande," koplo alijibu. "Alikuwa atetee tasnifu wiki hii. Mlinzi amemkuta asubuhi. Silaha hatujaiona."

Juu ya meza zilisimama nguzo za alumini, kila moja kubwa kama chupa ya maji. Ukutani, skrini ilionyesha daraja la kijani. Profesa aliyemsimamia marehemu, mzee mwenye tai iliyokaa upande, alieleza:

"Ndio utafiti wake. Mhandisi anashika nguzo kwa mkono, anaisogeza, na daraja la kwenye skrini linasogea nayo. Ukikosea, linaporomoka."

Mtaalamu wa polisi alizima taa, akanyunyizia nguzo dawa ya kubaini damu. Ya tatu iling'aa kwenye mshono wa chini. Ilikuwa imefutwa vizuri, lakini damu ina ukaidi wake.

Ilipokwisha kupigwa picha na kuchukuliwa sampuli, Inspekta aliiinua. Daraja likawa jekundu, likaanguka. Akairudisha. Halikusimama. Akaizungusha. Wapi! Profesa naye akajaribu mpaka jasho likamtoka.

"Hata mimi hunishinda," alikiri. "Lazima ikae mahali pake na kwa pembe yake. Marehemu tu ndiye aliyeweza."

"Maiti hairudishi nguzo mezani, Profesa. Na tulipoingia, daraja lilikuwa limesimama."

Mke wa marehemu alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mtandio umemfunika hadi kwenye nyusi. Inspekta akamwita ndani. Maiti ilikuwa imeshaondolewa.

"Pole sana, dada."

"Asante."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Kazi hii ya mumeo unaifahamu?"

"Mimi? Mimi wa jikoni, afande." Alicheka kicheko kikavu.

Inspekta aliinua nguzo ya tatu, akaitua kombo. "Mikono yangu mizito," alisema. Akaitua tena, kombo zaidi. Taya za mwanamke zikakazana. Inspekta akaisukuma kidogo kwa kidole, kama mtoto anayechezea chakula.

Mkono wa mwanamke ukatoka wenyewe. Ukaishika nguzo, ukaizungusha kidogo, ukaikandamiza kwa kidole gumba. Daraja likasimama, la kijani.

Koplo alifungua daftari.

"Wa jikoni," Inspekta alisema taratibu.

Mwanamke aliutazama mkono wake kana kwamba umemsaliti. Kisha akaketi.

"Tulianza uzamivu pamoja, mimi na yeye. Meza hii niliibuni mimi. Nilipopata mimba akaniambia, 'Pumzika, mke wangu, nitaishikilia kazi hii, utarudi.' Mtoto sasa yuko darasa la pili. Kila alipokwama, mimi ndiye niliyemkwamua. Nilimezea, nikamezea."

"Na jana?"

"Alifanya mazoezi ya utetezi hapa, mbele yangu. Nikamuuliza, jina langu liko wapi? Akasema, 'Nimekushukuru mwishoni, kwa uvumilivu na kwa chai.' Chai, afande! Akanigeuzia mgongo, anacheka. Nguzo ilikuwa mkononi mwangu."

"Kisha ukairudisha."

"Daraja lilikuwa limeanguka. Sikuweza kuliacha vile."

"Ungelalamika. Chuo kina wakubwa."

"Kwa nani? Kwa huyu?" Alimgeukia profesa. "Nilikuwa mwanafunzi wake. Mchoro wa kwanza wa meza hii aliusifu mbele ya darasa zima. Leo amenipa pole, akaniita 'mama', hata sura yangu haikumbuki."

Profesa alibaki akiiweka sawa tai yake, nayo ikazidi kwenda upande.

"Mtoto yuko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Shule. Bibi yake atamchukua." Akauvuta mtandio. "Mama wa baba yake. Atamwambia nini, afande?"

Inspekta alitoa pingu mfukoni. 

Koplo alikuwa ameanza kuandika maelezo ya mtuhumiwa. "Kazi," alijisemea, kalamu ikikimbia, "mama wa nyumbani..."

"Muulize kwanza," Inspekta alisema.

Koplo aliinua uso. "Kazi yako?"

Mwanamke alinyoosha mikono kupokea pingu.

"Mhandisi."