Pa Kugeuzia Ng'ombe

Kila asubuhi mama alichota maji, akafagia uwanja, kisha akamtupia kuku punje za mahindi.

"Haya, mwenzangu, kumekucha," alimwambia kuku.

Hakuwa na mwingine wa kumwambia. Tangu mumewe afariki, nyumba ilikuwa kubwa mno kwake. Akipika, alipika kidogo. Akicheka, alijisikia mwenyewe, akanyamaza.

Na wanawe hawakuwa mbali, jamani! Walikuwa palepale shambani. Baada ya msiba, Mkubwa na Kitindamimba walichukua kamba wakaligawa shamba la baba yao. Walilikata mapande mawili marefu, kutoka mtoni hadi uwanjani kwa mama. Dada yao, fundi cherehani wa mjini, hakupewa kitu. "Huyu kaolewa," walisema. Dada alinuna, akakata mguu. Nyumba nayo hawakuizungumzia. Na mama? Nani amtaje! Yeye si alikuwepo tu.

Kosa lilionekana msimu wa kulima. Ng'ombe wa plau hawageuki mahali pembamba, wanataka nafasi. Vijana hawakuacha nafasi hiyo popote. Basi kila mmoja aligeuza ng'ombe wake uwanjani kwa mama, juu ya bustani yake ya mboga.

Mama alisikia kwato zikija. Alisikia sauti ya mwanawe: "Geuka! Geuka!" Alitoka haraka na kikombe cha chai. Alipofika mlangoni, aliona mgongo tu, mwanawe anarudi zake mtoni. Ikawa hivyo siku nzima. Chai ilipoa, akainywa mwenyewe. Jambo hilo lilimuuma sana.

Siku moja bibi shamba, yaani ofisa wa kilimo, alipita kukagua udongo. Aliona mboga zimekanyagwa.

"Shikamoo, mama. Nani kafanya hivi?"

"Marahaba, mwanangu. Ni wanangu hao. Wanageuza ng'ombe."

"Hawakuoni?"

"Wananiona. Hawasimami."

"Na fungu lako wewe liko wapi?"

"Fungu langu? Mimi si nipo tu?" Mama alicheka, lakini machozi yalimtoka.

Bibi shamba alishuka shambani akawaita vijana wote wawili. Walikuja uwanjani, kila mmoja akakaa upande wake. Walikuwa hawasemeshani.

"Kwa nini hamumsalimii mama yenu?" aliwauliza.

Mkubwa alikuna kichwa. "Nikiingia humo ndani, huyu atasema naitaka nyumba."

"Na wewe?"

"Hivyo hivyo," alijibu Kitindamimba. "Yeye atasema najipendekeza ili niachiwe."

Mama alishika mdomo. "Kumbe! Na mimi muda wote huu najiuliza nimewakosea nini!"

Vijana waliinamisha vichwa.

"Sikilizeni," alisema bibi shamba. "Mmegawana vibaya. Mimi ni mtu wa udongo, sheria yenyewe mtaelezwa vizuri ofisi ya ardhi. Lakini haya nayajua. Mjane ni mrithi. Fungu lake hutengwa kabla hamjaishika kamba. Binti naye ni mtoto wa marehemu, awe ameolewa au hajaolewa. Njia na mahali pa kugeuzia ng'ombe huachwa kwa wote. Mkishakubaliana mbele ya mashahidi, mnaweka alama za mipaka, na yote yanaandikwa."

"Na nyumba?" Mkubwa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nyumba anakaa mama. Na mama anaweza kuandika wosia, aseme fungu lake litakuwa la nani siku akiondoka. Mkishajua, mtaogopana kwa lipi?"

"La wote watatu," mama alidakia. "Hata leo niandikieni!"

Walikwenda ofisi ya ardhi wote pamoja. Dada aliitwa. Alikuja amenuna, na akaendelea kununa mpaka alipoona kamba inavutwa kwa ajili yake pia. Hapo alimkumbatia mama yake, wakalia wote wawili. Majirani walishuhudia mipaka ikiwekwa. Bustani ya mama ilizungushiwa ua. Nje ya ua wakaacha ukanda mpana wa kugeuzia ng'ombe.

Msimu wa kulima ulirudi. Mboga za mama zilikuwa zimestawi. Siku hiyo alisikia kwato zikija. Hakuinuka. Alishazoea kuachwa na kikombe mkononi. Akasubiri kusikia "Geuka!" Hakuisikia. Ng'ombe walisimama.

"Hodi, mama! Chai ipo?" Ilikuwa sauti ya Mkubwa.

"Msiimalize, na mimi nakuja!" Kitindamimba alipiga kelele kutoka upande wa pili.

Mama aliinuka upesi, akachukua vikombe viwili. Siku nyingi alikuwa akijibizana na kuku tu.

"Karibuni," alisema. "Ipo. Bado ya moto."